Uhuru na Taifa-1

Miaka mingi kabla Kenya haijapata jicho lake angani, watu wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, walikuwa wamekwisha kuzoea ngurumo za makombora. Kwani katika Ghuba ya Ungwana Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma juu ya nguzo baharini, na tangu mwaka 1967 hadi 1988 wakarusha kutoka hapo setilaiti zao na za mataifa mengine, kwa kuwa karibu na ikweta mzunguko wa dunia ni wa kasi zaidi, na kasi hiyo hukipa chombo msukumo usio na gharama. Iliyo mashuhuri kupita zote ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, na kwa taadhima hiyo ikaitwa Uhuru. Ikawafunulia wanafalaki mamia ya asili za miali ya eksirei. Jina lilikuwa letu, lakini chombo kilikuwa cha Marekani, nacho kiliyaelekeza macho yake kwenye nyota, si kwenye malisho ya mtu.

Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata kisetilaiti cha majaribio. Lakini setilaiti ya kwanza ya Kenya iliyokusudiwa hasa kazi ya kuiangalia ardhi ni Taifa-1, nayo ilikuja baada ya mvua kukatika misimu mitano mfululizo, hata mizoga ya ng'ombe ikatapakaa katika nyika za Marsabit na Wajir. Ukiitazama utastaajabia udogo wake: urefu sentimita 30, upana 10, kiasi cha kupakatwa kama mtoto mchanga, nayo ilibuniwa na wahandisi wa Kenya wa kampuni ya SayariLabs, wakisaidiwa na kampuni ya EnduroSat ya Bulgaria, kwa shilingi milioni 50. Tarehe 15 Aprili 2023, baada ya kuahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa, ilipaa kwa kombora la Falcon 9 kutoka California, ilhali pale Ngomeni, penye fadhila ile ya ikweta, hapajaruka kombora tangu 1988, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa hasara.

Lakini lililo la haraka si kombora. Wenye dhamana ya picha za Taifa-1, na za vyombo vitakavyoifuata, nawasihi wazifikishe habari zake kwa mchungaji wa Marsabit, kwa lugha aifahamuyo, kabla majani hayajakauka.