Maji magumu Kasese: pima kwanza, ndipo ununue kifaa cha kulainisha

Katika nyumba nyingi zinazotumia maji magumu, birika la chai hutoa habari mapema kuliko maabara. Gamba jeupe huganda ndani yake, maji huchelewa kuchemka, na sabuni ya mche huisha bila kutoa povu la kutosha. Maji magumu ni yale yaliyobeba madini ya kalsiamu na magnesiamu kwa wingi. Hayadhuru afya kwa ugumu wake, lakini huziba mabomba, huharibu mitambo ya kupasha maji moto na hula sabuni. Makala haya yanaeleza ni nani wilayani Kasese anayehitaji kifaa cha kulainisha maji, kiwe na ukubwa gani, na kinunuliwe kwa nani.

Je, maji yako ni magumu kweli?

Jibu hutegemea mahali. Bugoye iko kwenye miteremko ya Rwenzori, na maji ya mto Mubuku, uleule unaoendesha mitambo ya umeme, hutokana na mvua na theluji zinazopita juu ya miamba isiyoyeyuka upesi. Maji ya namna hiyo kwa kawaida hubeba madini kidogo. Anayetumia maji ya mserereko kutoka mlimani huenda akatupa fedha zake akinunua kifaa cha kulainisha.

Hali yaweza kubadilika ukishuka bondeni. Huko Hima na Muhokya huchimbwa mawe ya chokaa, na maji ya kisima yanayopita katika mawe kama hayo huyeyusha kalsiamu. Kuelekea Katwe, penye ziwa la chumvi, kuna tatizo jingine. Watu wengi huita maji yote mabaya ya kisima «maji ya chumvi», lakini munyu na ugumu ni mambo mawili. Kifaa cha kulainisha hubadilishana tu: hunasa kalsiamu na magnesiamu, na kuachia sodiamu mahali pake. Maji ya munyu yakiingia, yatatoka yakiwa bado ya munyu.

Njia rahisi ya kujaribu ni hii. Chukua chupa mbili za ukubwa mmoja, moja yenye maji ya mvua na nyingine yenye maji yako, zote hadi nusu. Tia katika kila chupa vipande sawa vya sabuni ya mche, kisha tikisa. Usitumie sabuni ya unga, kwani hutoa povu hata katika maji magumu. Chupa ya maji magumu itafanya utando mweupe na povu haba.

Jaribio hilo hukuonya tu, halikupi hesabu. Kabla ya kununua, uliza ofisi ya maji ya wilaya mahali pa kupima sampuli, na uombe ugumu wa jumla kwa miligramu katika kila lita. Chini ya 60 ni maji laini. Kutoka 61 hadi 120 ni ugumu wa wastani. Kutoka 121 hadi 180 ni magumu. Zaidi ya 180 ni magumu sana. Omba pia kipimo cha chuma, kwa sababu chuma huziba resini, yaani zile chembechembe zinazofanya kazi ndani ya kifaa.

Ukubwa hupatikana kwa hesabu

Tuchukue familia ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 40 kwa siku. Jumla ni lita 240, sawa na jerikeni 12. Ikiwa ugumu ni miligramu 300 kwa lita, kifaa kitanasa gramu 72 za madini kila siku, au gramu 504 kwa juma. Lita 1 ya resini, ikitumiwa kwa chumvi ya kiasi, hunasa gramu 45 hadi 50 kabla ya kuchoka. Kwa hiyo familia hii inahitaji lita 11 hivi za resini. Lita 12 zitaacha akiba kwa siku za wageni.

Kila juma resini hiyo itahuishwa kwa maji ya chumvi. Tenga takriban kilo moja na nusu ya chumvi, na lita 100 au zaidi za maji ya kuisuuza. Maji hayo yasimwagwe kwenye migomba, kahawa wala karibu na kisima.

Vifaa vinavyotoka Marekani huhesabiwa kwa greni, na greni 1 ni takriban miligramu 65. Kifaa cha greni 32,000 hunasa kilo 2 hivi, mara nne ya mahitaji ya familia yetu kwa juma. Ukubwa uliopita kiasi si baraka, kwani resini inayokaa muda mrefu bila kuhuishwa huweza kukaliwa na vijidudu.

Fundi wa jirani au muuzaji wa mbali?

Muuzaji wa mbali, awe Kampala, zaidi ya kilomita 300 kutoka Kasese, au ng'ambo, huweza kuwa na aina nyingi na bei ya kuvutia. Ongeza juu ya bei hiyo usafiri, na ushuru wa forodha kwa kitu cha nje. Kisha uliza mambo matatu. Je, kinatumia umeme wa volti 240? Je, nyuzi za viungio vyake zinaingia kwenye mabomba yanayouzwa Kasese au Bwera? Na kinahitaji shinikizo gani la maji? Vingi huhitaji bari 1.5 au zaidi, ilhali tangi lililoinuliwa mita 3 hutoa bari 0.3 tu. Bila pampu, kifaa hicho kitabaki pambo ukutani.

Muuzaji wa karibu naye apimwe. Akikutajia bei kabla ya kuuliza idadi ya watu nyumbani na majibu ya maabara, anabahatisha. Faida yake kubwa ni kwamba valvu ikikwama unajua pa kumpata. Mwombe aandike kiasi cha resini, muda wa dhamana, na mahali vipuri vinapopatikana. Pale ambapo umeme hukatika mara kwa mara, valvu ya kugeuzwa kwa mkono huleta usumbufu mdogo zaidi.

Tahadhari kuhusu chumvi na afya

Chumvi ghafi ya Katwe iko karibu, lakini haifai kwa kazi hii. Imechanganyika na kaboneti na salfeti, ambazo hukutana na kalsiamu na kuganda ndani ya resini. Tumia chumvi iliyosafishwa, na uiingize katika bajeti ya kila mwezi.

Maji yenye ugumu wa miligramu 300 yakilainishwa huongezewa takriban miligramu 138 za sodiamu kwa lita. Acha bomba moja la jikoni bila kulainishwa, kwa ajili ya kunywa, kuandaa maziwa ya watoto wachanga, na kwa wanaoshauriwa kupunguza chumvi.

Muhimu zaidi, kifaa hiki hakiui vijidudu. Kati ya Juni na Julai 2015, wilaya ya Kasese ilikumbwa na kipindupindu kilichohusishwa na maji yaliyotekwa ufukweni mwa ziwa. Maji yaliyolainishwa yanaweza kutoa povu zuri na bado yakabeba maradhi. Endelea kuyachemsha au kuyatibu kwa klorini kabla ya kunywa, na kama fedha zinatosha kwa jambo moja tu, zitangulize hapo.