Mikono ya Sabaya

Tarehe 11 Mei 1848, mmishonari Mjerumani Johannes Rebmann alikuwa safarini kutoka Rabai, karibu na Mombasa, kwenda Uchagani. Mbele yake akaona weupe juu ya mlima, akadhani ni wingu. Alipomuuliza mwelekezi wake, akajibiwa kwa neno moja tu: baridi. Rebmann aliliandika neno hilo kwenye shajara yake, kisha akaeleza kwamba yeye aliitambua theluji. Historia tuliyofunzwa shuleni huishia hapo: Mzungu kaona theluji ya Kilimanjaro. Mimi hubaki na lile neno la mwelekezi. Alichotaja si kitu cha kutazamwa kwa mbali, bali kile ambacho mlima ule humfanyia mtu.

Neno hilo lilikuwa na kisa nyuma yake. Katika safari zake Rebmann alisimuliwa habari za Rungua, mtawala wa Machame, aliyewahi kutuma kundi kubwa la watu wapande wakachunguze ule weupe ni kitu gani. Aliyerudi ni mmoja, aitwaye Sabaya. Mwelekezi wa Rebmann alisema amemwona mtu huyo kwa macho yake: mikono na miguu imejikunja kwa ndani, imeharibiwa na baridi. Wenzake waliamini wamevamiwa na pepo, wakakimbia, wakafia hukohuko juu. Mmishonari mwenzake, Krapf, alipokisimulia kisa hicho alisema kilichowaponza ni ujinga.

Ujinga? Hebu tufuate yaliyotokea ndani ya miili yao.

Baridi inapozidi, mwili hufanya hesabu ya kikatili. Hubana mishipa ya damu ya mikono na miguu ili joto libaki kwenye moyo na ubongo. Vidole hutolewa mhanga kwanza. Neva zinazopeleka amri kwenye mkono husafirisha ujumbe kwa kasi ya mita 50 hivi kwa sekunde, na kila neva inapopoa kwa nyuzi moja ya Selsiasi, kasi hiyo hupungua kwa karibu mita 2. Neva ikifika kwenye nyuzi 10 hivi, ujumbe huanza kukatika. Misuli nayo hukaza polepole na kulegea polepole zaidi. Kiswahili kina neno lake: kufa ganzi. Na kweli ni kifo kidogo, manake kiungo unakiona, ni chako, lakini hakikusikii.

Mimi nimezaliwa Pwani, na asubuhi moja ya Julai kule Limuru nilishindwa kufunga vifungo vya shati. Ubongo uliagiza, vidole vikakataa. Hapo hata barafu hapakuwa, na nguo nzito nilikuwa nazo. Sasa mfikirie mtu wa Machame, mwenye vazi la mlima wa chini, akipanda kuelekea kilele cha mita 5,895, pahali ambapo hakuna aliyewahi kumweleza habari zake.

Baada ya mikono, zamu ni ya kichwa. Joto la ndani la mwili ni nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, mtu hutetemeka bila kuweza kujizuia. Likizidi kushuka, ulimi huwa mzito, miguu hupepesuka, uamuzi huharibika. Karibu na nyuzi 32 kutetemeka kwenyewe huanza kukoma, na hiyo si nafuu, ni hatari zaidi. Waokoaji wa milimani wamekuta maiti za watu waliovua nguo zao katikati ya baridi kali, kana kwamba walikuwa wanaungua. Ubongo uliopoa humdanganya mwenyewe.

Kwa hivyo watu wa Rungua walipoona mikono haitii, wenzao wanaropoka na kuanguka ovyo, walisema kuna kitu kimewashika. Kwangu huo ni ushuhuda, tena makini. Waliona kwamba amri ya mtu juu ya mwili wake imeporwa na nguvu ya nje isiyoonekana. Walilolikosa ni jina la nguvu hiyo. Daktari wa leo angebadilisha neno moja tu katika maelezo yao.

Kule London, habari za Rebmann zilipochapishwa mwaka 1849, mwanajiografia William Desborough Cooley alizikanusha. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani! Mwaka 1852 akatoa kitabu kizima kuhusu bara la ndani la Afrika, bara ambalo hakuwahi kulikanyaga, na bado akashikilia msimamo wake. Mabishano yaliendelea hadi Karl Klaus von der Decken alipopanda sehemu ya mlima mwaka 1862 na kuangukiwa na theluji. Yeye akapewa nishani.

Lakini ushahidi ulikuwepo tangu mwanzo. Nyama ya mtu haigandi pasipo hewa au kitu kilicho chini ya nyuzi sifuri. Kiungo kilichoganda, tishu na neva zake zikifa, hupona kwa makovu yanayovuta na kukunja, na mkono hubaki hivyo maisha yote. Mikono ya Sabaya ilikuwa inasema kuna barafu juu ya Kilimanjaro, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kupeleka kipimajoto huko. Walioijua lugha ile walikuwa majirani zake, na mwelekezi mmoja aliyeona vyema kuufupisha mlima wote kwa neno moja. Wale waliokufa hata majina yao hatukuachiwa. Tumeachiwa sababu ya kifo chao, na sababu hiyo waliieleza wao wenyewe, sawasawa, wakaitwa wajinga.