Pesa ya Duka, Jina la Mwenye Duka

Wateja wangu wengi wa Kariakoo wana akaunti moja tu ya benki. Humo huingia mauzo ya vitenge, kodi ya mpangaji wa Tandika, zamu ya mchezo wa kina mama na michango ya harusi ya mpwa. Humohumo hutoka ada ya shule na malipo ya mzigo. Vijana wenye shahada ya uhasibu wakiona taarifa ya akaunti kama hiyo husema mwenyewe hakusoma. Mimi ninayewaandikia hesabu watu hawa nakataa. Mazoea hayo yalifundishwa, na waliofundisha ni benki na serikali.

Enzi za Waingereza, benki zilizotamba Dar es Salaam ni Standard, Barclays na National Bank of India. Zilihudumia katani, pamba, kahawa na makampuni makubwa ya kuagiza bidhaa. Mwenye duka Mwafrika hakuwa mteja ziliyemngoja. Tena kulikuwa na sheria ya 1931 iliyobana mikopo kwa wenyeji: mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika bila idhini ya serikali hakuweza kumdai mahakamani. Ilisemwa ni kumlinda Mwafrika asinyonywe. Ilichofanya ni kumwacha ajitafutie mtaji mwenyewe, senti kwa senti.

Alichobakiwa nacho ni Benki ya Akiba ya Posta, iliyoanza 1925. Marehemu baba yangu, aliyeuza mafuta ya taa na sukari Kilosa, alikuwa na kitabu chake. Kiliandikwa jina lake, na kilipokea vyote: faida ya duka, bei ya mbuzi, hela aliyotumiwa na kaka yake. Sheria ya majina ya biashara haikumbughudhi, kwa kuwa anayefanya biashara kwa jina lake halisi halazimiki kulisajili. Duka lilikuwa yeye, na yeye alikuwa duka.

Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, benki zikataifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikazaliwa. Matawi yalisambaa hadi wilayani, lakini vipaumbele vilikuwa mashirika ya umma na vyama vya ushirika. Mfanyabiashara binafsi alitazamwa kwa jicho la pembeni. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu yakafungwa ili yapishe ya ushirika. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na mwenye bidhaa nyingi au fedha nyingi alitakiwa aeleze alivyozipata. Baba alijifunza somo moja ambalo hakuna benki iliyoweza kumfutia: pesa ya biashara isijitangaze. Kwenye kitabu cha akiba ilikaa kidogo, nyingine ilikaa ndani ya nyumba, na daftari la mali kauli alilisoma yeye peke yake.

Sheria ya 1991 ilifungua mlango kwa benki binafsi, na 1997 Benki ya Taifa ya Biashara ikagawanywa. Hapo ndipo ilipotoka NMB, iliyorithi matawi mengi ya wilayani. Hata hivyo akaunti ya biashara ilidai leseni, namba ya mlipakodi na cheti cha jina la biashara. Akaunti binafsi ilidai kitambulisho, picha na barua ya serikali ya mtaa. Muuza nyanya angechagua ipi?

Kisha 2008 M-Pesa ikaingia Tanzania, laini ya simu ikawa droo ya duka. Namba ileile anayopigia mama mkwe ndiyo anayotumia mteja kulipia. Mchanganyiko ukakamilika, ila safari hii kila senti inaacha alama. Hilo ndilo jipya. Daftari la baba lingeweza kufichwa. Taarifa ya akaunti haifichiki. Mweka hazina wa kamati ya harusi aliyepokea michango kwenye akaunti yake ya duka anaonekana ameuza sana mwezi huo, naye ndiye atakayetakiwa kueleza.

Kisheria, biashara ya mtu mmoja haina nafsi yake. Deni lake ni la mwenyewe, na mwenyewe akifariki akaunti husubiri msimamizi wa mirathi, hata kama juu yake pameandikwa jina la duka. Kwa hiyo siwaambii wateja kwamba akaunti ya pili itawakinga. Nawaambia itawaonyesha kama duka linawalisha au wao ndio wanaolilisha. Isitoshe, kwenye kodi ya makadirio ya wenye mauzo madogo, katika ngazi za chini asiyetunza kumbukumbu hutozwa zaidi ya anayetunza.

Wajanja wa Kariakoo wameshapata njia yao. Wananunua laini ya pili, wanaiita ya duka, na kila Jumamosi wanajitumia posho kwenda laini ya nyumbani. Hakuna cheti wala wakili. Ukiniuliza wapi pa kuanzia, sitakutuma benki. Nitakuambia ujilipe mshahara, hata uwe mdogo, na ukiisha usirudi kwenye droo.