Nani Alisimama Nyuma ya Nyumba ya Gatti?

Wandugu, lori la kutoka Mombasa likiingia kinyumenyume katika parsele hapa Butembo, wote tunamsifu shofere. Leo naomba tuangalie nyuma ya gari.

Mwaka 1938, Attilio Gatti, Mwitaliano aliyejulikana kwa kumtafuta okapi katika msitu wa Ituri, ule tunaoufikia tukipita Beni, alileta Kongo ya Wabelgiji nyumba mbili za magurudumu. International Harvester ilitoa malori ya kuzivuta. Alexis de Sakhnoffsky ndiye aliyezichora. Lori pamoja na remoki yake vilifika karibu mita 13, na ndani mlikuwa jiko, bafu, vitanda, hata baa. Baa kabisa, wakati wazee wetu walikuwa wanafanyishwa kazi ya barabara kwa jembe! Kambini remoki hizo mbili ziliunganishwa kuwa nyumba moja ya vyumba 5.

Hapo ndipo mimi nasimama. Kuziunganisha maana yake ni kuzipanga karibu sana, na remoki hairudi nyuma kwa upole. Ukipeleka usukani kulia, mkia unaenda kushoto. Ukichelewa kuunyoosha, lori na remoki vinajikunja kama kisu.

Shofere aliye peke yake anaweza, lakini atafanya kazi ya watu wawili. Anashuka kwanza, anatembea mahali pote, anaangalia matope, mashina na matawi ya juu. Anaweka jiwe mahali tairi la nyuma litakapofikia. Anashika usukani kwa chini: hapo mkono ukienda kushoto, mkia nao unaenda kushoto. Anarudi polepole, anashuka tena kuangalia. Ikipinda, anasogea mbele na kuanza upya. Na anachagua kupinda upande anaokaa yeye, maana upande wa pili kioo kinamficha mengi.

Kwetu jambo hilo lina ugumu wake. Kongo tunaendesha kulia, lakini magari mengi yanayoingia kwa mpaka wa Kasindi yametengenezwa kwa nchi za kuendesha kushoto, usukani uko kulia. Upande ambao shofere mmoja anauona vizuri, mwenzake hauoni.

Basi konvoyeri ni macho ya gari. Msafara wa Gatti nao ulikuwa na wafanyakazi Waafrika; katika habari za zile nyumba nimekutana na jina la mchoraji mara nyingi, lakini la mtu wa kuelekeza tairi, hapana. Na sisi wenye diploma tunamwita konvoyeri mtu asiye na kazi! Ni yeye anayesimama mahali ambapo gari likiteleza kwenye mteremko linamkuta wa kwanza, mkononi ana kipande cha mti cha kuzuia tairi.

Mashofere wazuri wanalijua hilo. Konvoyeri akipotea tu kwenye kioo, wanakanyaga freni kwanza, ndipo wanaita jina lake.