Kamba ya Sekunde Nane

Januari, baridi inapokuwa kali katika jiji la New York, malori hufika Madison Square Garden yakiwa yamesheheni udongo. Ukumbi huo umejengwa juu ya stesheni kubwa ya gari moshi, na sakafu yake ya michezo iko ghorofa ya tano. Hapo ndipo unapochezwa mpira wa kikapu na ndipo waimbapo wanamuziki mashuhuri wa dunia. Mamia ya tani za udongo humwagwa na kushindiliwa juu ya sakafu hiyo, vyuma huunganishwa vikawa mazizi, na mafahali hupandishwa hadi juu ya jiji. Kuanzia mwaka 2007, shirika la wapanda fahali wa kulipwa, lijulikanalo kwa herufi zake tatu, PBR, limeufanya ukumbi huo kuwa kituo chake takriban kila mwanzo wa mwaka.

Mtazamaji aketiye katika ngazi za juu huona kwanza fataki na moto. Husikia dua ikiombwa, kisha wimbo wa taifa. Baada ya hapo mbwembwe zote hupungua, na macho ya maelfu ya watu huelekea mahali pamoja: kizizi chembamba cha chuma, ambamo kijana mmoja amekaa juu ya mgongo wa mnyama mwenye uzito wa kilo mia saba au zaidi.

Kijana huyo ana kamba moja tu. Imesukwa kwa mkono, ikazungushwa kifuani mwa fahali nyuma ya mabega, na chini yake imening'inizwa kengele. Hupaka ulimbo mkavu juu ya glavu yake ili mkono ushike, hupenyeza kiganja katika mshikio, hujizungushia ncha ya kamba, kisha huipigapiga ngumi yake kwa mkono wa pili ili ifunge barabara. Akitikisa kichwa, lango hufunguliwa. Kuanzia hapo anatakiwa kukaa kwa sekunde nane, na mkono ulio huru usimguse mnyama wala usijiguse mwenyewe. Kiunoni mwa fahali, mbele ya miguu ya nyuma, umefungwa mkanda laini umfanyao arushe mateke. Watetezi wa wanyama wameupinga mkanda huo kwa miaka mingi, nao wafugaji hujibu kwamba haumuumizi bali humkera tu. Alama za juu kabisa ni 100: nusu huhesabiwa kwa mpandaji, na nusu kwa fahali. Mtu akianguka kabla ya sekunde ya nane kutimia, yeye hupata sifuri, ilhali fahali hupewa alama zake zote alizostahili.

Mchezo huu una nasaba ndefu, na sehemu ya nasaba hiyo haiko mbali na pwani yetu. Asili yake ya mbali ni rasi ya Iberia, nchi za Hispania na Ureno, ambako kupambana na fahali kulikuwa pumbao la mabwana na la raia vilevile. Wahispania waliwavusha ng'ombe wa kwanza kwenda visiwa vya Karibi mwaka 1493, katika safari ya pili ya Columbus, na baada ya miongo michache ng'ombe hao wakaenea Mexico. Huko wachungaji, wengi wao Wahindi wenyeji na machotara, walijifunza kutupa kamba, kuvunja farasi na kumpanda fahali mpaka achoke kurukaruka. Mchezo huo ukaitwa jaripeo.

Miaka mitano tu baada ya ng'ombe hao kushushwa Karibi, jirani zao Wareno walitia nanga Mombasa na Malindi, mwaka 1498. Walidumu pwani hii hadi Ngome ya Yesu ilipotwaliwa mwaka 1698. Katika simulizi za Pemba, mchezo wa ng'ombe unaochezwa kisiwani humo huhesabiwa kuwa ni mabaki ya zama hizo. Zumari hulia, ngoma hupigwa, wanawake huimba, na kijana hujitokeza na nguo mkononi kumchokoza fahali aliyefungwa kamba. Fahali hauawi. Mchezo ukimalizika, hurejeshwa kwa mwenyewe. Ikiwa simulizi hizo ni za kweli, basi mcheza ng'ombe wa Pemba na mpanda fahali wa New York ni wajukuu wa babu mmoja, waliolelewa katika bahari mbili mbalimbali.

Hata fahali mwenyewe ana ujamaa na Bahari ya Hindi. Hapo awali, katika michezo ya rodeo ya Marekani, watu walipanda maksai tu. Katika karne ya ishirini waliingizwa mafahali wenye damu ya Brahman, jamii iliyotokana na ng'ombe wa nundu waliopelekwa kutoka India, wakiwamo wa Gujarati. Ng'ombe hao walistahimili joto na kupe wa pwani ya Texas. Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye. Huyu hakuelemewa na nundu wala na mtu. Ana ngozi iliyolegea inayoteleza chini ya kamba, na akishamwangusha mtu, mara nyingi hugeuka kumfuata. Kwa sababu hiyo wakahitajika watu wa kumvuta upande mwingine. Zamani walivaa kama wachekeshaji, na siku hizi huvaa kama wanamichezo. Kati ya wote walioko uwanjani, hao ndio ambao mtu wa Pemba angewatambua mara moja, kwani kazi yao ni kujitia mbele ya pembe ili mwenzao asalimike.

Rodeo iliingia mijini mapema. Katika miaka ya 1920 ilikwishapata makao New York, katika jengo la Madison Square Garden lililotangulia hili la sasa, na ikaendelea humo kila msimu wa majani kupukutika hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Wenyeji wa jiji walilipa kuitazama nchi ambayo hawakuwahi kuiona. Lakini fedha zao zilikwenda kwa nani? Mchezaji wa rodeo hakuwa na mshahara. Alijilipia nauli, alijitibu alipovunjika, na alitoa kiingilio chake mwenyewe ili aruhusiwe kushindana. Waandaaji walitia kiingilio hicho mfukoni, na fungu la zawadi lililobaki mara nyingine halikutosha hata kumrudishia mtu gharama alizotumia.

Mwishoni mwa Oktoba 1936, wachunga ng'ombe waliotoka kucheza New York walifika Boston kwa mwandaaji yuleyule, kanali mmoja wa Texas. Watu 61 walitia saini hati ya madai: fungu la zawadi liongezwe maradufu, na viingilio vyao viongezwe humo. Walipokataliwa, waligoma. Mwandaaji alijaribu kucheza na watu wengine, akashindwa, akakubali madai yao. Kutokana na mgomo huo kikazaliwa chama chao cha kwanza, nacho wakakiita Chama cha Makobe, kwa kuwa walichukua muda mrefu mno kutoa vichwa vyao nje ya magamba. Mwaka 1945 kilibadilishwa jina, na ndicho kilichokuja kuwa chama kikuu cha rodeo ya kulipwa nchini humo.

Hata hivyo, haki iliyopatikana Boston haikuwafikia wote. Watu weusi walikuwa wamechunga ng'ombe Texas tangu enzi za utumwa, na baada ya ukombozi wengi waliendelea na kazi hiyo kwa ujira. Walipotaka kushindana, waliwekewa vizuizi. Myrtis Dightman, aliyezaliwa Texas mwaka 1935, alipata umaarufu katika miaka ya 1960, wakati ambapo mpandaji mweusi aliweza kuambiwa asubiri watazamaji waondoke ndipo apande. Alifika hadi katika fainali za taifa, jambo ambalo hakuna mpanda fahali mweusi aliyelifanya kabla yake, lakini ubingwa hakuupata. Charlie Sampson, kijana wa Los Angeles aliyefuata nyayo zake, aliupata mwaka 1982.

Kisha ukaja mwaka 1989. Lane Frost wa Oklahoma alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa dunia. Mwaka 1988 alikuwa pia amempanda mara nne katika majaribio saba fahali Red Rock, ambaye kabla ya hapo alikuwa amewaangusha watu zaidi ya 300 bila kushindwa. Tarehe 30 Julai 1989, huko Cheyenne, Frost alitimiza sekunde nane juu ya fahali mwingine, akashuka, akaangukia matopeni. Fahali akamgeukia na kumpiga pembe ubavuni. Frost alisimama, akawapungia wenzake mkono kuomba msaada, kisha akaanguka. Umri wake ulikuwa miaka 25. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo, rafiki yake Tuff Hedeman alipompanda fahali wake wa mwisho katika fainali, alitimiza sekunde nane na hakushuka. Akaendelea kukaa kwa sekunde nane nyingine, zile za Lane.

Kilio hicho kilizaa mambo mawili. La kwanza ni fulana ngumu ya kukinga kifua na mbavu, iliyobuniwa na rafiki yao mwingine, Cody Lambert, ambayo leo hakuna mpandaji wa kulipwa anayeingia uwanjani bila kuivaa. La pili lilitokea mwaka 1992, wapanda fahali 20 walipokutana katika chumba cha hoteli huko Arizona na kila mmoja kutoa dola 1,000. Waliona kwamba wao ndio wanaowavuta watazamaji, na ya kuwa rodeo inawahesabu kama kipande kimoja tu cha tamasha. Wakaanzisha shirika lao wenyewe. Ndilo PBR. Bingwa wake wa kwanza, mwaka 1994, alikuwa Mbrazili, Adriano Moraes, na tangu hapo vijana wa mashambani mwa Brazili wamekuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa mchezo huu. Kufikia mwaka 2003, bingwa wa mwaka aliahidiwa dola milioni moja.

Ulikuwa ushindi mkubwa, lakini haukukaa mikononi mwao. Mwaka 2007, mwaka uleule waliopanda na mafahali wao hadi Madison Square Garden, sehemu kubwa ya hisa iliuzwa kwa kampuni ya uwekezaji. Mwaka 2015 shirika likanunuliwa na kampuni ya burudani ya mjini, na mwaka 2025 likahamia kwa kampuni nyingine kubwa inayomiliki mieleka na ngumi. Waasisi walifaidika, na hapana wa kuwalaumu kwa kuuza kilicho chao. Lakini kijana anayeanza leo huingia katika nyumba ambayo wapandaji waliijenga, na ambayo haimilikiwi tena na wapandaji.

Hatari nayo haikununuliwa na mtu. Januari 2019, mjini Denver, Mason Lowe alikanyagwa kifuani na fahali akiwa amevaa fulana ya kinga, akafariki. Naye alikuwa na miaka 25. Kanuni zimeongezwa: tangu mwaka 2013, wapandaji wa PBR waliozaliwa kuanzia katikati ya Oktoba 1994 wanalazimika kuvaa kofia ngumu. Mtazamaji wa leo huona nyuso zilizofichwa nyuma ya vyuma, pale ambapo zamani zilifunikwa na kivuli cha kofia pana tu.

Huenda msomaji akajiuliza kama watu wa namna hii wana ushairi. Wanao, tena mwingi. Tangu mwaka 1985, wachunga ng'ombe hukutana kila mwaka katika mji mdogo wa Elko, Nevada, kusomeana mashairi yao, mengi yakiwa ya vina na ya kughaniwa kwa kichwa. Mmoja wao, Paul Zarzyski, alipanda farasi wakali katika rodeo kabla na wakati wa kuwa mshairi. Jambo hilo halitawashangaza watu wa visiwa vyetu, ambao mabaharia na wavuvi wao walitunga kwa sababu ileile: anayefanya kazi karibu na mauti hutaka kusema jambo kabla hajazama.

Usiku ukiisha New York, kila kilichokuwapo hurudi kwa mwenyewe. Fahali ni mali ya mfugaji, naye ameandikwa nasaba yake kwa uchunguzi wa vinasaba. Ukumbi una wenyewe, na shirika lina wenyewe. Udongo huzolewa ili sakafu irudie mpira wa kikapu. Kilicho cha mpandaji ni kamba yake, ambayo hununua mwenyewe na kusafiri nayo mfukoni kutoka mji hadi mji. Ndiyo maana ilitundikwa kengele: mkono ukifunguka, uzito wa kengele huivuta kamba ikamwachia mnyama na kudondoka. Baada ya kila safari, awe ametimiza sekunde nane au ameangukia uso, kijana hujipangusa na kurudi katikati ya uwanja, akichechemea, kuiokota.