Asili ya Jina la Nkunga

Katika miteremko ya kaskazini-mashariki ya Mlima Kenya, si mbali na mji wa Meru, mna ziwa dogo lililotulia ndani ya shimo la volkano ya kale, limezungukwa na msitu wa asili hata mtu huweza kupalilia mahindi yake mwendo mfupi kutoka hapo asiyaone maji, ila akwee ukingo na kuchungulia chini. Ziwa hilo huitwa Nkunga.

Jina hili si sifa ya maji. Halisemi kuwa ni meusi, wala mapana, wala baridi. Ni jina la mwenyeji wake, yaani joka ambalo wazee wa Kimeru husimulia kuwa makao yake yalikuwa humo. Jirani zao Wakikuyu nao huuita upinde wa mvua mukunga-mbura, na katika hadithi zao za kale huyo ni mnyama mwovu akaaye majini, atokaye usiku kula mifugo na hata wanadamu. Na sisi wenye Kiswahili twamjua mkunga, samaki mrefu mfano wa nyoka, ajifichaye katika mapango ya miamba, ambaye mvuvi humnasua katika ndoana kwa tahadhari kubwa kwa kuyahofu meno yake.

Sithubutu kujenga nyumba juu ya mfanano wa sauti, maana maneno hufanana pasipo udugu. Walakini fikira haiachi kurudi pwani, kwa kuwa Wameru wenyewe husimulia kuwa walitoka Mbwaa, nchi iliyozungukwa na bahari, ambayo baadhi ya wataalamu wameidhania kuwa kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Huko walikimbia utumwa wakavuka maji: waliovuka usiku wakaitwa Njiru, yaani weusi, wa alfajiri wakaitwa Ntune, wekundu, na waliovuka jua limekwisha toka wakaitwa Njeru, weupe. Watu waliogawa koo zao kwa saa za kuvuka maji si ajabu kuwa waliyatazama maji ya mlimani kwa hofu na taadhima.

Wala hofu hiyo si ya Meru pekee. Huko Norway, katika jimbo la Telemark, wenyeji wa Seljord husimulia tangu karne ya 18 habari za nyoka mkubwa wa ziwa lao, na leo sura yake imo katika ngao rasmi ya wilaya yao.

Juu zaidi ya Nkunga, katika kimo cha mita 2,350, liko ziwa jingine la volkano, ambalo wataalamu huliita Ziwa Takatifu. Mwaka 1967 J. A. Coetzee alichapisha uchunguzi wa chavua iliyozikwa katika tope lake, na kwayo ikabainika jinsi baridi ya zama za barafu ilivyobadilisha misitu ya mlima huu, maelfu ya miaka kabla ya Mmeru wa kwanza kufika. Kwangu mimi majina nayo ni tope la namna hiyo: yashukapo hukaa, na juu yake hushuka mengine.

Mvua inapoanuka jioni na jua likapenya, upinde huinama juu ya msitu, na mtu asimamaye ukingoni huona kana kwamba mguu mmoja wa upinde huo umetua chini kabisa, katikati ya matete.