MDUKUZI MWEMA NA MWIZI WA MTANDAONI: TOFAUTI NI RUHUSA



Juzi nilikaa kwenye kompyuta ya steshenari moja hapa Maili Moja, Kibaha, nikitaka kuprinti karatasi mbili tu. Nikakuta mafaili ya mtu yamebaki: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, fomu ya mkopo wa chuo, na barua ya mtendaji wa kijiji huko Kisarawe. Barua pepe yake nayo ilikuwa bado wazi!

Sikufungua faili hata moja, majina yake yalitosha. Nikamwita mhudumu akafunga ile akaunti na kufuta kila kitu. Ila nilijiuliza: angekaa mwingine pale je? Angebadilisha neno la siri tu, na mwenzetu angepoteza ombi la mkopo, pengine na mwaka mzima wa chuo.

Basi leo tuangalie hatari zenyewe, halafu tuone huyu anayeitwa mdukuzi mwema anafanya kazi gani.

HATARI TUNAZOKUTANA NAZO

1. Kompyuta ya watu wengi. Ukitoka bila kufunga akaunti, umeacha mlango wazi. Tena kuna programu za siri zinazorekodi kila herufi unayobonyeza. Kwa hiyo mambo ya pesa yafanyie kwenye simu yako, na ukitumia kafe, badilisha neno la siri ukifika kwenye kifaa unachokiamini. Usimwachie mhudumu neno lako la siri kwenye daftari, hata kama ni rafiki yako.

2. Fleshi. Kirusi kinahama nayo kutoka mashine hadi mashine. Ukiona folda zako zimegeuka njia za mkato, usibofye ovyo, skani kwanza.

3. Meseji za matapeli. Nani hajapata ile ya "ile hela tuma kwenye namba hii"? Hapo hakuna kompyuta iliyodukuliwa, kinachodukuliwa ni akili yako. Tapeli anatuma kwa watu wengi, akijua hatakosa mmoja ambaye kweli siku hiyo anadaiwa kodi ya nyumba. Meseji kama hiyo itume kwenda 15040, usimjibu. Na piga *106# uone kama kuna laini umesajiliwa bila kujua.

4. Tovuti feki. Inafanana na ya ajira au ya mkopo, lakini anwani yake imezidi au kupungua herufi moja. Ukiandika neno la siri pale, umemkabidhi mwizi ufunguo.

5. Mashambulizi makubwa. Oktoba 2020 huko Uganda wezi waliingilia mifumo ya Pegasus Technologies, kampuni inayounganisha malipo ya simu na benki, na huduma za kutuma pesa kati ya mitandao na benki zikasimamishwa. Julai 2023 Kenya, tovuti ya huduma za serikali ya eCitizen ilizidiwa na maombi ya uongo, wananchi wakakwama.

MDUKUZI MWEMA NI NANI?

Ni mtu anayejua mbinu za mwizi, ila ameajiriwa au ameruhusiwa na mwenye mfumo kuutafutia matundu. Kazi yake ina hatua. Kwanza anapata ruhusa ya maandishi, inayosema apime nini na asiguse nini. Anakusanya taarifa, anaskani mfumo, anajaribu kuingia. Akifanikiwa haibi wala haharibu, anaandika ripoti: tundu liko hapa, liko hivi, lizibwe hivi. Likishazibwa, anapima tena.

Mtasema, "Mimi nimeingia kwa nia njema tu, nilitaka kuwaonyesha udhaifu wao." Wadau, hapo ndipo vijana wengi tunapojichanganya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 4, inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na kinyume cha sheria. Ilivyopitishwa, faini yake ilianzia shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Nia njema bila ruhusa haikukingi.

Tumwangalie Marcus Hutchins wa Uingereza. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilikuwa kinafunga kompyuta duniani na kudai pesa, hospitali za Uingereza zikiwemo. Kijana huyu, akiwa na miaka 22, aliona ndani ya kirusi kuna anwani ya tovuti isiyo na mwenyewe. Akaisajili, na kirusi kikaacha kusambaa. Shujaa! Lakini Agosti mwaka huohuo alikamatwa Marekani kwa programu ya kuiba taarifa za benki aliyoitengeneza akiwa mdogo. Alikiri kosa mwaka 2019, jaji akampunguzia kwa mema aliyofanya na hakurudishwa jela. Yaani hata aliyeokoa dunia, la zamani lilimfuata.

UANZIE WAPI?

Huhitaji kuvunja mlango wa mtu. Sakinisha VirtualBox kwenye kompyuta yako, weka Linux, jifunze mitandao na kuandika programu. PortSwigger wana mafunzo ya bure yenye mazoezi halali. Ukiiva, kuna HackerOne, ambako makampuni yanaruhusu wazi mifumo yao ipimwe na yanalipa kwa tundu litakaloonekana, ilimradi ufuate masharti yao. Anayetaka darasa, Chuo Kikuu cha Dodoma wana shahada ya usalama wa mtandao.

Na ukikutana na tundu kwa bahati mbaya? Usilichimbe, usilitangaze Facebook. Mwambie mwenye mfumo, au toa taarifa TZ-CERT, kitengo cha matukio ya usalama wa mtandao kilicho chini ya TCRA.

Mwenzangu wa Kisarawe, sikujui na hunijui. Uwezo wa kuingia kwenye mambo yako nilikuwa nao, ruhusa sikuwa nayo. Siku nyingine kabla hujanyanyuka kwenye kiti, funga akaunti, futa mafaili, toa fleshi yako. Atakayekaa baada yako anaweza asiwe mimi.

Nawasilisha. Kama yamewahi kukukuta, tuambie hapo chini wengine wajifunze.